Nilivyoanza kuhesabu ndege kwa lita za mafuta

Ndege yangu ya kwanza, ndege ya porini ya kutua kwenye viwanja vifupi visivyo na lami, niliinunua kwa sababu ya bei, nasema wazi kabisa maana mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo. Ilikuwa ya viti viwili, kimoja mbele kingine nyuma, bodi ya mabomba ya chuma iliyovikwa kitambaa, gurudumu dogo mkiani, injini ya silinda nne. Rangi bado inang'aa. Muuzaji akafungua logibuku, lile daftari la kumbukumbu za injini, akanionyesha kwa kidole, masaa 410 tu tangu ifanyiwe ovahoo, yani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya. Nikapiga hesabu pale pale kichwani, injini ya aina ile mtengenezaji anaipa masaa 2,000 kati ya ovahoo moja na nyingine, kwahiyo nina masaa 1,590 mbele yangu, na kwa ninavyoruka mimi hayo ni miaka na miaka. Bei ilikuwa chini karibu theluthi nzima kuliko nyingine za aina ileile. Nikalipa.

Kitu ambacho sikukisoma, na kilikuwa kwenye ukurasa uleule mstari uleule, ni tarehe. Ovahoo ilifanyika miaka 19 nyuma. Masaa 410 kwa miaka 19 ni kama masaa 21 kwa mwaka, na ukifungua zile kurasa taratibu unaona hata hayo hayakugawanyika sawa, kuna sehemu miaka minne imepita ndege haijaenda popote, imelala tu chini ya mti na turubai juu. Na mtengenezaji huyohuyo anayesema masaa 2,000 anasema pia miaka 12, chochote kitakachotangulia. Nilisoma nusu moja ya sentensi nikaiacha nusu nyingine.

Mwezi wa saba nikapeleka kubadilisha oili. Fundi akatoa filta, akaikata pembeni na kile kikatio cha mduara, akatoa ile karatasi iliyokunjwakunjwa ya ndani akaitandaza mezani juani kama mtu anayetandaza kitambaa. Mi nilikuwa naongea nae habari nyingine kabisa. Akanyamaza, akachukua sumaku ndogo ya kalamu akaipitisha polepole kwenye mikunjo, ilipotoka ilikuwa na ndevu. Vichembe vidogo vya fedha vimesimama kwenye ncha kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Alumini haishiki kwenye sumaku, nilijua hilo, kwahiyo kile kilikuwa chuma, na chuma ndani ya injini kinatoka sehemu chache sana na hakuna hata moja ya bei chee. Akaninong'oneza tu, "Mwanangu, hii tusiiwashe tena."

Ngoja nieleze kilichotokea ndani maana ndipo siri ya bei ndogo ilipo. Kwenye injini nyingi za silinda nne za namna hii kamshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua vali, imekaa juu, juu ya krenki, mhimili unaozungusha propela, na hailoweki kwenye oili, inapata oili kwa kurushiwa injini ikiwa inazunguka. Ukizima, oili inachuruzika kwenda chini. Ukiiacha wiki ile tabaka nyembamba bado ipo, ukiiacha miezi inaisha, unyevu wa hewa unaingia na chuma kinapata kutu, vidoti vidogo tu kwenye zile nundu za kamshafti na kwenye uso wa tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na hizo nundu. Siku utakapoirusha tena, zile sehemu zenye vidoti zinaanza kumenyuka kidogo kidogo na kula nundu. Haikufii angani ghafla, inapoteza nguvu kidogokidogo huku inasambaza unga wa chuma kila mahali oili inapopita. Na kuifikia kamshafti hakuna njia ya mkato, lazima ugawanye injini yote katikati. Yani ukishafika hapo umefanya ovahoo utake usitake.

Wapo wanaojaribu kuzuia hili kwa kuwasha injini kila wiki dakika kumi chini halafu wanazima. Mi pia niliwahi kufanya, na ni vibaya kuliko kuiacha, maana injini inatengeneza mvuke wa maji kwenye uchomaji wake na oili haijapata moto wa kutosha kuufukuza, maji yanabaki humo humo. Injini inataka kuruka, nusu saa na kuendelea, joto la oili lifike nyuzi 80 hivi na likae hapo. Hakuna mbadala.

Ndege ilikaa chini miezi saba. Na hii ndo sehemu iliyonifundisha kuliko ile injini yenyewe. Miezi saba yote hiyo sijaruka hata dakika moja, lakini hanga, yani banda la ndege, nalipa, bima nalipa, ukaguzi wa mwaka ukafika nao ukadai chake japo ndege haina injini puani. Nikakaa mezani usiku mmoja nikaandika kila kitu nilichotoa tangu siku ya kwanza, kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo nilikuwa nahesabu mafuta tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari na mimi nilikuwa nimeishi ule msemo mwaka mzima bila kujua.

Sasa, sitaandika pesa hapa. Bei zinapishana sana toka sehemu moja hadi nyingine na zinapanda kila mwaka, mtu akisoma baada ya muda namba zangu zitakuwa takataka. Nilichofanya kwenye daftari langu ni kugeuza kila kitu kuwa lita za mafuta ya ndege. Hanga kwa mwaka ni lita ngapi? Bima lita ngapi? Ni kipimo kizuri kwasababu unaona papo hapo ungeruka muda gani kwa ile hela, na inakuuma pale inapotakiwa kuuma.

Kwenye ndege ile ilitoka hivi. Hanga lita 1,800 kwa mwaka. Bima lita 1,400. Ukaguzi wa mwaka na vile vidogo vidogo ambavyo fundi lazima avikute, lita 1,200. Jumla lita 4,400, na hizo nazilipa hata kama funguo iko kabatini mwaka mzima. Halafu kuna zile za kuruka: mafuta yenyewe lita 34 kwa saa, akiba ya ovahoo niliyotakiwa kuiweka na sikuiweka ni kama lita 9 kwa saa, oili, tairi, plagi, magneto (zinazotoa umeme wa plagi) zinazotaka kufunguliwa kila masaa 500, tuseme lita 6 nyingine. Kwahiyo saa moja angani ni lita 49, hapo hamna shida. Ila mwaka ule wa kwanza kabla haijaharibika niliruka kwa kasi ya masaa 40 kwa mwaka. Gawanya 4,400 kwa 40 unapata 110. Jumlisha na zile 49. Lita 159 kwa kila saa, na mafuta niliyokuwa nayalalamikia kila nikienda kujaza ni 34 tu kati ya hizo, moja ya tano.

Nikafanya tena kwa masaa 120. Ikashuka hadi lita 86. Ndege ileile, hanga lileile, fundi yuleyule. Niliangalia zile namba mbili muda mrefu sana. Nilikuwa nimetumia miezi kuchagua ndege kwa kulinganisha ipi inakunywa lita 30 na ipi lita 36, kumbe tofauti hiyo ni vumbi ukilinganisha na swali moja ambalo sikujiuliza hata siku moja, mimi hasa naruka masaa mangapi?

Injini ikarudi, ikakimbia vizuri, nikairusha masaa 30 kuhakikisha halafu nikaiuza. Nilipata hasara na aliyenunua nilimpa karatasi zote na zile picha za kamshafti ya zamani, yeye analala usingizi mzuri, nami vilevile.

Awamu ya pili nikaingia nikiwa na akili nyingine lakini moyo uleule, na moyo ulikuwa unataka Cessna 180. Wanaozijua wanaelewa. Zilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1981, viti vinne, alumini mwili mzima, injini ya Continental ya silinda sita yenye nguvu za farasi 225 mpaka 230, gurudumu mkiani, inabeba watu na mizigo inaingia sehemu ambayo ukiangalia toka juu unasema hapana. Ukitaka zaidi kuna kaka yake 185 ya farasi 300. Nilikuwa na picha ya 180 kwenye simu, nilikuwa naiangalia kabla ya kulala, na sioni aibu kusema hivyo, mtu anayenunua ndege ya porini bila kuipenda atachoka nayo mapema.

Lakini safari hii nilianza na daftari. Nilirudi kwenye logibuku yangu mwenyewe ya urubani, si ya ndege, nikachukua mwaka mmoja kamili niliokuwa naruka mara kwa mara, nyingine za kwangu nyingine za kukodi, nikaandika kila safari: nani alikuwemo, mzigo kilo ngapi, kiwanja kina urefu gani, cha nini. Safari 47. Kati ya hizo 38 nilikuwa peke yangu au na mtu mmoja. Sita nilikuwa na mtu mmoja na mizigo iliyojaa mpaka mabegani. Tatu tu, tatu mwaka mzima, ndo tulikuwa watu watatu au wanne. Na kile kiwanja kifupi kuliko vyote nilivyowahi kutua kilikuwa mita 380, majani, kilichobaki chote kilikuwa zaidi ya 500.

Niliomba ruhusa kwa jamaa mmoja mwenye 180 anionyeshe vitabu vyake na alikuwa mkarimu, akanionyesha kila kitu. Kwa lita zangu ilitoka kama 7,000 kwa mwaka zile za lazima, maana bima yake ni kubwa zaidi, ukaguzi unachukua muda mrefu zaidi, silinda sita badala ya nne, na ile propela inayobadilisha pembe nayo ina ovahoo yake kwa masaa na kwa miaka tofauti kabisa na ya injini. Kila saa angani ilikuwa lita 50 za mafuta, akiba ya injini 16, nyinginezo 10. Kwa masaa yangu 40 ni lita 251 kila saa. Kwa hizo safari tatu za watu wanne. Nikimaliza kuhesabu niligundua naweza kukodi ndege ya viti vinne mara zote tatu, na rubani wake nikitaka, na bado nikabaki na karibu lita zote nilizokuwa nimeziokoa.

Naomba nisieleweke vibaya, hii si kuiponda 180. Yule jamaa anaruka masaa 200 na zaidi kwa mwaka, anabeba familia na mizigo kila wikiendi, kwake ile ndege ndo rahisi kuliko zote maana ingine ingemlazimu aende mara mbili. Kila mtu ajikune anapofikia. Swali ni logibuku yako inasema nini, sio ndoto zako.

Upande wa pili kabisa nilizitazama zile nyepesi za kisasa, zile unazonunua kama seti ya vipande (kit) ukajenga mwenyewe, Kitfox na wenzake, au Zenith za alumini, nyingi zina injini ya Rotax 912 ya farasi 100. Kwa karatasi hakuna kinachozishinda. Inakunywa lita kama 18 kwa saa, na inakubali petroli ya kawaida ya gari, inapendelea hiyo kuliko ile ya ndege yenye madini ya risasi ambayo inaacha uchafu kwenye oili na unalazimika kuibadilisha mapema. Muda wa ovahoo nao ni masaa 2,000. Na sehemu nyingi duniani ndege iliyosajiliwa kama ya kujitengenezea inakuruhusu ufanye kazi kubwa ya matengenezo kwa mikono yako na kununua spea ambazo hazina karatasi za gharama. Kwa mtu mwenye mikono na muda hiyo ni hela nyingi sana inabaki mfukoni.

Kilichonizuia ni vitu viwili. Kwanza muda, kujenga ni masaa elfu na zaidi na mimi nilitaka kuruka mwaka ule, na kununua iliyojengwa na mtu mwingine unatakiwa ujue kuzikagua kazi za mikono ya mtu usiyemjua, mi sijui. Pili mzigo. Zile safari sita za mizigo mpaka mabegani zisingewezekana kwenye nyingi nilizoziona, na viwanja ninavyovipenda viko juu na mchana ni joto, hewa nyepesi inakula farasi wa injini na inakula mabawa pia. Farasi 100 asubuhi na mapema wanatosha, saa nane mchana nisingependa.

Nikarudi kwenye viti viwili vya kitambaa. Wengine waliniuliza kama sijajifunza. Nilijifunza sana, ila nilichojifunza hakikuwa kwamba kitambaa ni kibaya, ni kwamba ndege iliyolala ni ghali. Nilikuwa natafuta aina ya Super Cub ya Piper ya farasi 150 au Husky ya 180, zote za viti viwili, na mwishowe nikapata ya 150. Safari hii nikamlipa mzee mmoja fundi anayezifahamu hizi toka ujana wake aje na mimi kuitazama, na masharti yangu kwa muuzaji yalikuwa mawili, siku mbili kamili za ukaguzi, na mizani.

Ile ya kwanza tuliyoenda kuiona tuliiacha ndani ya saa moja. Mzee alipita chini ya bawa akigongagonga kitambaa kwa kucha, kimekaza vizuri kinalia kama ngoma, mi nikaanza kufurahi. Akaomba ngazi. Kitambaa cha polyester kinachotumika sasa hakiozi, kinachokiua ni jua, na jua halipigi chini ya bawa. Alipofika juu, mgongoni mwa bodi nyuma kidogo ya kabini, sehemu iliyopakwa rangi nyekundu iliyokoza, akaweka kile kifaa chake kidogo chenye ncha butu na springi akabonyeza taratibu. Kiliingia. Hakikuchanika kwa kelele, kiliingia tu kama kidole kwenye karatasi iliyolowa, akakitoa kikaacha tundu la mviringo safi. Akamwangalia mwenye ndege kwa heshima akamwambia samahani kwa hilo tundu, nitaliziba kabla sijaondoka, na akaliziba kweli. Kuvika kitambaa upya ndege nzima ni miezi ya kazi na ni moja ya gharama kubwa kuliko zote baada ya injini, halafu ukishavua kile cha zamani ndo unaona mabomba yenyewe yana kutu kiasi gani, hesabu inaanza upya.

Hapo ndo nikaelewa hanga si anasa ya kuongeza baadae, ni sehemu ya bei ya ndege ya kitambaa. Ya alumini unaweza kuifunga nje kwa kamba ikavumilia miaka, japo nayo ina yake, ukiitua kwenye mawe miaka mingi chunguza pale miguu ya magurudumu inapoingilia bodini na kule mkiani kwenye ribiti, nyufa huanzia huko. Kama huna paa na hutapata paa, basi toa kitambaa kwenye orodha yako leo.

Ya pili mzee aliipenda. Akaenda moja kwa moja kwenye ile mihimili ya mshazari inayoshika mabawa, akaangalia chini kabisa inapokutana na bodi. Mihimili ya zamani ina uwazi ndani, maji yanaingia yanatulia mwisho wa chini na kutu inakula toka ndani huku nje rangi ni nzuri tu. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ile ya Piper za kitambaa ikaguliwe kila miezi 24 mpaka utakapoweka mipya iliyozibwa kabisa. Hii ilikuwa na mipya iliyozibwa, na karatasi zake zipo. Injini masaa 900 tangu ovahoo, miaka minane, na kila mwezi wa ile miaka minane ulikuwa na safari. Masaa mengi mara mbili na zaidi kuliko ile yangu ya kwanza, na mzee akanambia angeichukua hii usiku bila tochi. Kompresheni, yani silinda zinavyobana hewa, nzuri kwenye zote nne, filta iliyokatwa mbele yetu, sumaku ikatoka tupu.

Kisha mizani. Karatasi za ndege zilisema uzito mtupu kilo 488. Tukaiweka juu ya mizani mitatu, mkia umeinuliwa ikae sawa kama inavyoruka, mzee akasoma namba mara mbili. Kilo 521. Zile kilo 33 ni rangi juu ya rangi, redio, tairi kubwa, na kiti cha nyuma ambacho mtu alikiongezea sponji, hakuna aliyeziandika. Uzito wa juu kabisa wa Super Cub ya kawaida ni kilo 794. Inabaki 273. Mafuta yakijaa ni lita 136, kama kilo 98. Inabaki 175. Mimi kilo 82, mwenzangu 78, tunabaki na kilo 15 za mizigo. Kwa zile karatasi ningeondoka nikiamini nina 48. Tofauti kati ya 15 na 48 porini ni hema, maji, vifaa, au ni kutoka kiwanja cha mita 380 saa saba mchana ukiwa mzito bila kujua. Bei tuliijadili upya baada ya mizani na muuzaji alikubali bila kelele maana namba aliziona mwenyewe.

Hizo tairi kubwa nilizitoa. Zilikuwa za inchi 31, zinapendeza kwenye picha na ukitua kwenye mawe ya mto zinakuokoa kweli, zinajazwa upepo kidogo sana zinameza mawe. Ila zinakula spidi, ni nzito, zinaisha haraka kwenye lami na bei yake inaumiza. Daftari lilisema viwanja vyangu ni majani na changarawe. Nikaweka za inchi 26 na kuuza zile kwa mtu anayetua kwenye mito, wote tukafurahi.

Kuhusu bima nitasema zaidi kidogo kwasababu watu wengi huwa wanaiacha mpaka siku ya kulipa. Piga simu kwa bima kabla hujaipenda ndege yoyote. Ndege ya gurudumu la mkiani bima wanaiogopa, ikitua na upepo wa pembeni na miguu yako ikichelewa kwenye pedali inageuka yenyewe kichwa nyuma, na rafiki yangu ilimtokea, spidi ndogo tu ya mtu anayekimbia, ncha ya bawa ikagusa na propela ikagusa nyasi. Ikigusa tu hivyo injini inatakiwa ifunguliwe ikaguliwe hata kama inawaka vizuri, ndo taratibu ya watengenezaji. Kwahiyo wakaniuliza masaa yangu ya mkia ni mangapi, na nilipovuka 100 bei ilishuka waziwazi, ningejua ningemaliza masaa ya kujifunza na mwalimu kwanza halafu ndo ninunue. Soma pia wanasemaje kuhusu kutua nje ya viwanja vilivyosajiliwa. Mkataba wa kwanza nilioletewa ulikuwa na mstari mmoja unaoziondoa sehemu hizo zote, yani ninunue ndege ya porini halafu niwe na bima ya kila mahali isipokuwa porini. Niliomba jibu kwa maandishi, nikahama.

Na thamani usiiandike chini ili ulipe kidogo. Niliwaza kufanya hivyo, mzee akanizuia. Ukiiandikia nusu ya thamani yake, ajali ya kawaida inayorekebishika itakuwa kubwa kuliko nusu hiyo, watakulipa nusu na ndege wataichukua wao.

Kitu kilichoniwezesha haswa ni kuingia na mwenzangu. Ni rubani makini kuliko mimi, tunafahamiana siku nyingi, na bado tuliandika karatasi kurasa sita kabla ya kutoa hela: nani anaruka lini, anayeharibu analipa sehemu gani, mmoja akitaka kutoka bei inapangwaje, akifariki familia yake inapata nini. Kuongea mambo ya kifo na rafiki mezani si rahisi, tulikaa kimya kidogo pale. Lakini zile lita 4,400 za lazima zikawa 2,200 kila mmoja, na kubwa zaidi, ndege haikai. Mi nikiwa na kazi nyingi yeye anaruka, injini inapata joto lake kila wiki. Akiba ya ovahoo tunaweka lita 9 kwa kila saa, kila saa, kwenye akaunti ambayo haitoi hela bila sahihi mbili.

Mwaka uliopita tuliruka wawili jumla masaa 131. Inatoka kama lita 83 kwa saa kwa kila kitu, hanga na bima na ukaguzi humo humo. Zile safari za watu wanne zilikuwa mbili, nikakodi. Picha ya 180 bado iko kwenye simu.

Oili na filta tunabadilisha kila masaa 50 au miezi minne, na hiyo kazi sasa naifanya mwenyewe mzee akiwa amesimama pembeni. Jumamosi iliyopita nilikata filta, nikatandaza karatasi juani palepale kwenye meza ya kuegemea ukuta, nikapitisha sumaku mkunjo mmoja mmoja toka mwanzo mpaka mwisho nikiwa sijapumua vizuri. Nikampa mzee. Akaitazama ile ncha, akaipangusa na kidole gumba, akaangalia kidole.

"Funga filta mpya," akasema, "mwenzio anaruka saa tisa."